Kabla hujaongeza chochote kwenye maji ya matumbawe, jua tangi lako linakula kiasi gani

#1 mwambahai (mwenye uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna swali lisilokwisha kwa sisi tunaofuga matumbawe nyumbani: "KH yangu imeshuka hadi 6, niongeze nini?" (KH ni uwezo wa maji kumeza asidi; nitaieleza kwenye posti ya pili.) Majibu huja haraka, kila mtu na kopo lake. Nami niliwahi kuuliza hivyohivyo, nikajibiwa hivyohivyo, na nikapoteza Acropora, tumbawe gumu la matawi, niliyoikuza miaka miwili kutoka kijiti cha urefu wa kidole hadi kichaka kisichoenea viganjani. Iliniuma sana, na bado nikiikumbuka inaniuma. Naandika uzi huu kwa sababu naona kosa lile likirudiwa na watu wanaoyapenda matumbawe yao kama nilivyoipenda ile.

Kisa chenyewe. Tangi langu lina maji lita 300. Siku hiyo nilipima nikapata KH 6.4, kalsiamu 360, magnesiamu 1110 (hizi mbili kwa miligramu katika lita). Refraktomita, chombo cha kupimia chumvi kwa mwanga, ikaniambia chumvi ni 35, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji, kama ilivyo baharini. Kwa hiyo chumvi nikaiona iko sawa, nikahamia kwenye KH. Kwa siku mbili nikaweka bikaboneti ya sodiamu mpaka KH ikafika 9.5. Siku ya nne ncha za Acropora zikawa nyeupe. Siku ya kumi nyama ilianza kubanduka kutoka kwenye shina kwenda juu, na tukio la aina hiyo likianza ni vigumu kulizuia.

Ni baada ya msiba ndipo nilipopata kimiminika cha kusahihishia refraktomita, kile kinachojulikana kuwa ni 35 kamili. Nikadondoshea tone. Ikasoma 40. Maana yake kila mara iliponiambia 35, maji yangu yalikuwa 30 tu, na kila ndoo ya maji mapya niliyochanganya kwa kuiamini iliendelea kuyapunguzia chumvi.

Sasa chukueni kalamu. Zidisha 360 kwa 35, gawa kwa 30: unapata 420. Fanya hivyo kwa 1110: unapata 1295. Kwa 6.4: karibu 7.5. Namba zote tatu zinarudi mahali pake kwa pamoja. Sikuwa na upungufu wa KH, wala wa kalsiamu, wala wa magnesiamu. Nilikuwa na upungufu wa chumvi, na dawa yake ilikuwa kupandisha chumvi taratibu kwa wiki moja au mbili. Bikaboneti haikuwa na kazi yoyote pale.

Hili lilishajulikana zamani. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha uchambuzi wa sampuli 77 za maji zilizoletwa na meli ya Challenger kutoka safari yake ya 1872 hadi 1876. Alikuta kwamba maji ya bahari kuu yanaweza kuwa na chumvi nyingi au kidogo, lakini uwiano wa viambato vikuu ndani ya chumvi hiyo ni karibu uleule popote yalikochotwa. Ukiona kalsiamu na magnesiamu zimeshuka pamoja kwa kiwango kilekile, usiguse kopo lolote. Angalia chumvi kwanza, na kabla ya chumvi, kiangalie chombo kinachokupimia chumvi.

Nitaendelea na KH yenyewe kwenye posti inayofuata. Mwenye swali aulize.

#2 mwambahai

Naendelea.

KH ni kipimo cha uwezo wa maji kumeza asidi. Katika maji ya bahari sehemu kubwa ya uwezo huo hutokana na bikaboneti na kaboneti, na hivyo ndivyo tumbawe linavyovihitaji: linachukua kalsiamu, linachukua kaboneti, linajenga kiunzi chake cha aragoniti, aina ya chokaa. Konokono hufanya vivyo hivyo, na ule mwani wa zambarau unaotanda kwenye mawe na vioo pia. Wote wanakula kutoka sahani moja.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kila mtu alishike. Kila KH ikishuka kwa 2.8 kwa sababu ya ujenzi wa kiunzi, kalsiamu hushuka kwa takriban 20 tu. Tazama maana yake. Baharini KH ni kama 7, kalsiamu ni kama 420. Tangi lililojaa matumbawe magumu likiachwa siku tatu bila kulishwa linaweza kutoka KH 8.4 hadi 5.6. Hilo ni janga. Lakini kalsiamu katika siku hizohizo imetoka 420 hadi 400, na vitendanishi (kemikali za kupimia) vingi vya kalsiamu vinakosea kwa kiasi hichohicho. Mwenye tangi anapima kalsiamu, anaona 410, anasema yuko salama, huku matumbawe yake yanahangaika.

Kwa hiyo KH ndiyo inayosema mapema. Ipime mara kwa mara. Kalsiamu mara moja kwa wiki inatosha, magnesiamu mara moja au mbili kwa mwezi.

Lakini kipimo kimoja cha KH hakikuambii unachohitaji kujua. "KH yangu ni 7.2" ni kama mtu kukuambia ana debe la unga ndani: bila kujua nyumba ina walaji wangapi, hujui litakwisha lini. Unachokitafuta ni mlo wa siku. Simamisha kila unachoongeza. Usibadilishe maji. Pima KH saa fulani, andika. Kesho saa ileile pima tena, andika. Fanya siku tatu, ukiangalia isishuke chini ya 6.5 au 7 wakati unapima. Tofauti kati ya siku na siku ndiyo mlo wa tangi lako, na mlo huo hakuna chupa inayoujua wala jirani anayeujua.

Mimi nashikilia 8 hadi 8.5. Wapo wanaokaa 7, wapo wanaokaa 10, na wote wana matumbawe mazuri. Mimi sibishanii namba. Ninachoogopa ni KH inayopanda Jumatatu na kushuka Alhamisi.

#3 maji_mapya

Shukrani mkuu mwambahai, pole sana kwa Acropora yako. Mimi ni mgeni kwenye maji chumvi, tangi langu liko mwezi wa saba tangu nilianzishe, matumbawe laini na Montipora (tumbawe gumu) mbili. Maswali mawili: nitajuaje kama kipimo changu cha KH hakinidanganyi kama refraktomita yako ilivyokudanganya? Na pili, nikishajua mlo wa siku, naubadilishaje kuwa gramu?

#4 mwambahai

Karibu sana, na umeuliza la kwanza kwanza, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Kipimo cha KH unaweza kukikagua mwenyewe. Chukua maji safi yaliyochujwa kwa RO na DI (vichujio vinavyoondoa chumvi na madini), yale yanayosoma 0 kwenye kipima TDS, yaani kipima vitu vilivyoyeyuka majini. Yeyusha gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu, ya kuokea, isiyochanganywa na kitu, katika lita moja. Halafu chukua mililita 100 za mchanganyiko huo, ongeza maji hayohayo mpaka ifike lita moja. Hapo una maji ya KH 10. Kipimo chako kikisema 10, kiamini. Kikisema 11.3, sasa unajua kinazidisha kwa kiasi gani. Napendekeza gramu 3 kisha kuzimua kwa sababu mizani ya nyumbani haiwezi kupima gramu 0.3 kwa uhakika.

Refraktomita nayo ina njia yake: gramu 36.5 za chumvi safi isiyo na madini joto ndani ya gramu 963.5 za maji safi. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Sahihisha kwa huo, usisahihishe kwa maji matupu peke yake, kwa maana chombo kinaweza kusoma sifuri vizuri na bado kikapotea huku juu tunakokitumia.

Tena, unapopima: sirinji isiwe na mapovu, kichupa kisuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, tazama tarehe ya kuisha ya vitendanishi, na pima saa ileile. Nimeona watu wakigombana juu ya tofauti ya 0.3 iliyoletwa na povu moja tu.

Kuhusu gramu. Kwa kila lita 100 za maji halisi:

Bikaboneti ya sodiamu gramu 3 hupandisha KH kwa 1.
Kloridi ya kalsiamu yenye maji ndani yake, ile ya dihaidreti, gramu 3.7 hupandisha kalsiamu kwa 10. Iliyo kavu kabisa, gramu 2.8.
Kloridi ya magnesiamu ya heksahaidreti gramu 8.4 hupandisha magnesiamu kwa 10.

Nasema maji halisi kwa sababu mawe na mchanga vinakaa mahali pa maji. Tangi lililoandikwa lita 200 mara nyingi lina 160 au 170. Ukikokotoa kwa namba ya kwenye kasha unazidisha dozi kila siku.

Yeyusha kila kimoja kwenye chombo chake. Mimina kimoja mahali penye mkondo mkali, acha angalau nusu saa, ndipo umimine kingine. Bikaboneti na kloridi ya kalsiamu zikikutana zikiwa nzito unapata mvua ya chokaa nyeupe, na kila chembe ya ile mvua ni KH na kalsiamu uliyoitupa. Kinachozuia mvua hiyo isinyeshe kila siku ndani ya tangi ni magnesiamu: inajipachika kwenye vijiwe vidogo vya chokaa vinapoanza kuota na kuvizuia visikue. Ndiyo maana ukikuta KH na kalsiamu hazipandi hata uongeze vipi, pima magnesiamu. Ikiwa chini ya 1200, anza na hiyo.

Na usipandishe KH zaidi ya 1 kwa siku. Mimi siku hizi hata nusu nimeridhika.

#5 chokaa_usiku

Mwenye uzi umesema vizuri ila naona umeruka maji ya chokaa, na mimi kwa miaka yote sijatumia kingine. Unaweka kalsiamu na KH kwa pamoja katika uwiano uleule ambao matumbawe yanakula, hakuna sodiamu wala kloridi inayobaki nyuma. Hiyo njia yako ya poda mbili inaacha chumvi ya mezani ndani ya tangi kila siku, mwisho chumvi inapanda.

#6 mwambahai

Ni kweli tupu ndugu yangu, na nashukuru umeileta. Wanaotumia poda mbili lazima wapime chumvi kila wiki na watoe maji kidogo inapopanda.

Kwa wasioijua: maji ya chokaa ni kalsiamu hidroksidi, chokaa iliyozimwa ya daraja la chakula, iliyoyeyushwa kwenye maji safi. Lita moja inabeba kama gramu 1.7 tu, poda inayobaki inatulia chini. Kisha maji yale maangavu ya juu yanatumika kufidia maji yanayovukizwa, tone kwa tone, usiku zaidi kuliko mchana. Hidroksidi inakamata hewa ya ukaa iliyomo majini na kuigeuza bikaboneti, kwa hiyo pH inapanda kidogo kwa faida.

Ila ina mpaka wake, na mpaka ni mvukizo. Kwa tangi langu la lita 300, lita moja iliyokolea hupandisha KH kwa 0.43 hivi. Tangi langu linavukiza lita 3 kwa siku, yaani 1.3. Matumbawe yangu yakila 2 kwa siku, chokaa peke yake haifiki, na siwezi kuongeza maji zaidi ya yanayovukizwa bila kupunguza chumvi ya tangi. Kwa hiyo mimi natumia chokaa kama msingi na poda mbili kujazia pengo.

Na kwa heshima zote, hebu tueleze usalama wake. Maji hayo yana pH inayozidi 12.

#7 chokaa_usiku

Sahihi kabisa. Glavu na miwani, na usivute vumbi lake. Usiache pampu imwage bila kizuizi: swichi ya kiwango cha maji ikikwama, lita kumi zinaingia kwa mkupuo, pH inaruka, tangi linageuka maziwa. Mimi nimeweka pampu ya dozi inayotoa kiasi kilichopangwa kwa saa, na chombo changu cha chokaa hakizidi kiasi ambacho tangi linaweza kuvumilia likipokea chote kwa bahati mbaya. Tena kifunike chombo, hewa ikiingia inatengeneza utando wa chokaa juu na nguvu inapotea.

#8 kioo_safi

Wakuu mimi tatizo ni pH. KH ilikuwa 8.4, kalsiamu 430, kila kitu kizuri, lakini pH asubuhi ni 7.7 na jioni 8.0. Nimenunua chupa ya kupandisha pH, nikiweka inapanda saa mbili kisha inarudi, na KH sasa imeanza kupanda, leo imegonga 9.6. Nifanye nini?

#9 mwambahai

Dada au kaka, iweke hiyo chupa kabatini leo. Nakuomba.

Ndani ya chupa za aina hiyo mara nyingi mna kaboneti au boreti, ndiyo maana KH inapanda. Unaponya homa kwa kuvunja kipimajoto. KH yako haina shida. Kinachoshusha pH ni hewa ya ukaa. Usiku mwani na matumbawe havitengenezi chakula, kila kiumbe kinapumua, hewa ya ukaa inajaa majini, na ndiyo maana pH huwa chini kabisa kabla mapambazuko. Mchana mwanga unairudisha. Kuyumba kwa 0.3 hivi ni kwa kawaida.

Lakini 7.7 inaniambia chumba chako kimefungwa na kina watu. Fanya jaribio hili: chota maji ya tangi kwenye bilauri, peleka nje, yapulizie hewa kwa pampu ndogo na jiwe la mapovu kwa saa moja, pima pH. Ikipanda hadi 8.0 na kitu, umepata jibu: tatizo liko kwenye hewa unayoivuta wewe na tangi lako. Fungua madirisha. Kama skima yako (mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu) ina mrija wa kuvuta hewa, uelekeze nje ya nyumba. Kama una tangi la chini lenye mwani wa Chaetomorpha, washia taa yake usiku taa kubwa inapozimwa. Au chokaa, kama alivyosema ndugu hapo juu.

Na KH 9.6 usiishushe kwa kitu chochote. Acha kuongeza, matumbawe yataila yenyewe.

#10 badili_tu

Samahani kama nitaonekana mkaidi. Nina tangi la miaka mitano, nabadilisha maji asilimia 10 kila Ijumaa, sijawahi kupima mlo wa siku wala kukokotoa gramu. Matumbawe yangu yananawiri. Kwa nini tuwatishe wageni?

#11 mwambahai

Si ukaidi, na hongera kwa miaka mitano. Una matumbawe gani?

#12 badili_tu

Laini zaidi. Tumbawe uyoga, Zoanthus, Sarcophyton mmoja mkubwa sana.

#13 mwambahai

Basi uko sahihi kwa tangi lako, na yeyote mwenye matumbawe laini tu aanze kwa njia yako. Hayajengi kiunzi kizito, mlo wao wa KH ni mdogo, maji mapya yanaufidia.

Sasa chukua tangi lenye matumbawe magumu linalokula 0.5 kwa siku, ambayo ni kiasi kidogo kwa tangi la aina hiyo. Kwa wiki ni 3.5. Maji yako mapya, tuseme chumvi yake inatoa KH 11, tangi liko 8. Asilimia 10 inaongeza 0.3. Umepoteza 3.5, umerudishiwa 0.3. Hesabu haikubali, hata ubadilishe asilimia 30 kila wiki.

Hesabu hiyohiyo iko kwenye nitrati. Ikiwa 40, ukibadilisha asilimia 10 inakuwa 36. Ukirudia mara kumi, hata kama samaki wasingeongeza chochote, bado inabaki 14. Kubadilisha maji kuna faida nyingi, ila kazi ya kulisha matumbawe magumu hakuiwezi.

#14 tangi_dogo

Umegusa nitrati. Mimi nimekuwa nikizipigania kwa miezi mitatu. Nikaweka chembe za oksidi ya chuma kuvuta fosfati, nikapunguza chakula cha samaki, skima inafanya kazi usiku na mchana. Sasa nitrati 0, fosfati 0. Nilitegemea kusherehekea, lakini matumbawe yamepauka rangi na kuna utelezi wa kahawia wenye mapovu juu ya mchanga na mawe. Mchana unazidi, usiku unapungua.

#15 mwambahai

Pole sana ndugu, hili linawakuta watu wenye bidii.

Kwa maelezo yako utelezi huo unafanana sana na dinoflajelati, viumbe vidogo vya seli moja. Wanapenda maji yaliyofukarika, kwa sababu wapinzani wao wamekufa njaa. Na matumbawe nayo yanahitaji nitrojeni na fosforasi, ndani ya nyama yao mna mwani wa hadubini unaowalisha. Ukikata vyote, rangi inaondoka kwa sababu mwani ule unaondoka.

Toa zile chembe za chuma leo. Rudisha chakula cha samaki, ongeza hata kidogo. Skima ipunguze saa zake. Kwa sasa usibadilishe maji mengi. Lengo liwe nitrati 2 hadi 10 na fosfati 0.03 hadi 0.1, ufike huko kwa wiki kadhaa. Fyonza utelezi kwa mrija kupitia soksi ya chujio, maji yarudishe. Na KH yako, iwe chini kidogo, 7 hadi 8. Nimeona mara nyingi ncha zikiungua pale KH ya juu inapokutana na maji yasiyo na virutubisho, na naamini ndicho kilichomalizia Acropora yangu, maana siku zile nami nilikuwa na sifuri mbili kama zako nikiziona ni ushindi.

Jambo jingine: siku ukihitaji kushusha fosfati tena, usiishushe kwa pupa. Mawe yanaishika na kuiachia. Unaivuta majini Jumatatu, Jumatano imerudi kutoka kwenye mawe, unaongeza dawa, na siku mawe yanapoishiwa inaanguka ghafla hadi sifuri.

#16 wiki_ya_pili

Na sisi wenye matangi mapya kabisa? Yangu ina wiki mbili, KH imeshuka kutoka 9 hadi 8 na sina tumbawe hata moja.

#17 mwambahai

Usiongeze kitu. Bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hutoa asidi katika kazi hiyo, na asidi inakula KH. Subiri amonia na nitriti zisome 0, mara nyingi ni wiki nne hadi sita tangu kuanza. Jazia mvukizo kwa maji safi, usijazie kwa maji ya chumvi, maana chumvi haivukizwi. Kwa sasa hiyo ndiyo kazi yako yote.

#18 maji_mapya

Mkuu mwambahai, nimerudi. Kwanza refraktomita: kwa ule mchanganyiko wa 36.5 ilisoma 36, nimeirekebisha. Kipimo cha KH kilisoma 10.2 kwenye maji ya KH 10, nimekiamini. Maji halisi nimekadiria lita 180 baada ya kutoa mawe. Nimesimamisha kila kitu na kupima saa mbili usiku kwa siku nne: 8.3, 8.0, 7.6, 7.3. Kalsiamu 415, magnesiamu 1320.

#19 mwambahai

Umenifurahisha sana, kazi safi.

Umepoteza 1.0 kwa siku tatu, yaani 0.33 kwa siku. Kwa lita 180: 0.33 mara 1.8 mara 3, unapata gramu 1.8 za bikaboneti kila siku. Kalsiamu inayoandamana nayo ni kama 2.4 kwa siku, hiyo ni gramu 1.6 za kloridi ya kalsiamu ya dihaidreti. Kwa kuwa gramu hizo ni chache kuzipima kila siku, yeyusha za siku kumi kwa pamoja: gramu 18 za bikaboneti kwenye lita moja, gramu 16 za kloridi kwenye lita nyingine, kila siku mililita 100 za kila moja, zikiachana nusu saa. Hiyo mililita 200 ihesabu kama sehemu ya maji ya kujazia mvukizo. Magnesiamu iache, iko vizuri.

Hiyo itakushikilia 7.3. Kama unataka 8, kwa siku nne za mwanzo ongeza gramu moja ya ziada ya bikaboneti kila siku, kisha urudi kwenye 1.8. Pima KH kila siku wiki ya kwanza, halafu kila baada ya siku tatu.

#20 maji_mapya

Ripoti ya siku ya kumi na mbili: 7.9, jana 7.9, juzi 8.0. Haijawahi kutulia hivi tangu nianze. Montipora moja imeanza kutoa ukingo mpya mweupe pembeni, sijui nihofu?

#21 mwambahai

Kama ukingo ni mwembamba, umezunguka pembeni tu, na katikati polipu (viumbe vidogo vinavyounda tumbawe) ziko nje na rangi ipo, huo ni ukuaji. Kiunzi kipya hutangulia, rangi hufuata.

Na kwa kuwa inakua, mlo wake utapanda. Baada ya wiki mbili simamisha dozi siku mbili upime tena. Nadhani utakuta 0.4.